Kalenda ya koko na karatasi ya mtoto



Sisi wenye wajukuu tuna kalenda yetu, na haitundikwi ukutani. Ukituuliza mtoto fulani alizaliwa lini, ni nadra tutaje tarehe. Tunasema, "Huyo alizaliwa volkano ilipoingia Goma," na wenzetu wanaelewa kwamba ni Januari 2002. Mwingine alikuja siku chache baada ya tetemeko la Bukavu, Februari 2008. Wengine tunawahesabu kwa pesa: huyu wakati wa zaire, yule franga iliporudi, mwaka 1998. Na mzee kuliko sisi wote husema yeye alizaliwa kabla sambaza hawajaletwa katika ziwa Kivu kutoka ziwa Tanganyika. Samaki hao waliletwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo hata yeye umri wake unajulikana kidogo.

Majina nayo yanakumbusha. Riziki alikuja nyumba ikiwa na chakula. Vumilia alikuja siku zikiwa ngumu. Bahati, kila mtu alidhani hatapona.

Kalenda hii inasomwa jioni, jikoni. Mmoja anatwanga sombe, mwingine anachambua maharagwe, mdogo anapepea makala, moshi unamwingia machoni. Ndipo mjukuu anasema, "Koko, nieleze tena siku niliyozaliwa." Anaijua habari hiyo yote. Ukisahau kutaja mvua, au kikwembe alichofungwa kwanza, anakusahihisha papo hapo. Tumeona kwamba hata mtoto mkaidi, anayekataa kuoga na kukataa kutumwa, anatulia akisikia alivyongojewa. Mtoto anapenda kujua kwamba kuna watu walimpokea.

Lakini kuna mahali ambapo kalenda ya koko haitoshi, na mwaka huu tumeliona jambo hilo katika kikundi chetu.

Watu wa Goma walipoambiwa watoke mjini, tarehe 27 Mei 2021, binti wa mwenzetu alikuwa na mimba ya miezi tisa. Alitembea na mama yake mpaka Sake, na usiku huohuo akajifungua msichana, katika nyumba ya watu wasiowajua. Mama mwenye nyumba alichemsha maji, akatoa na kikwembe chake. Mtoto alikua vizuri. Karatasi hakuwa nayo, na hakuna aliyeiulizia mpaka siku ya kumwandikisha shule. Hapo waliombwa cheti cha kuzaliwa.

Sheria yetu inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto kwenye eta sivili, na ndani ya siku hizo cheti ni bure. Zikipita, lazima kwanza kupata hukumu ya mahakama. Kwa familia hii ilikuwa safari nyingi, na pesa ambazo zingenunua daftari na viatu. Mahakamani mwenzetu aliulizwa mtoto alizaliwa lini. Alieleza barabara iliyojaa watu, magodoro vichwani, usiku wa Sake, maji ya moto. Alieleza kama anavyoeleza jikoni. Mtoto akapata hukumu yake, kisha cheti chake, na sasa anasoma.

Tulifurahi sana. Ila tulijiuliza: kama koko huyo angekuwa amefariki, nani angeeleza? Sisi hatutakuwapo siku zote, na tukiondoka kalenda yetu inaondoka nasi.

Kwa hiyo, wamama, tunawaomba haya. Mtoto akizaliwa, msingoje arobaini wala ubatizo ndipo mwende. Chukueni karatasi mliyopewa kwenye maternite, lakini jueni kwamba hiyo bado si cheti. Ni ya kuwasaidia kukipata. Nendeni nayo eta sivili, kwenye komine ya kwenu au, kijijini, kwenye ofisi ya sekta au ya shefferi. Baba na mama wasipoweza kwenda, koko anaweza kumtangaza mtoto, au ndugu wa karibu, au hata aliyesaidia kuzalisha. Cheti kikipatikana, kifungeni katika mfuko wa plastiki, mahali mnapoweza kukichukua haraka kama mnakimbia.

Na ninyi wenzetu wenye wajukuu, juma hili ulizeni nyumbani swali moja tu: cheti cha huyu mdogo kiko wapi? Kama siku 90 bado hazijaisha, mbebeni mgongoni mwende kesho. Halafu jioni mkae naye karibu na moto, mumweleze tena siku aliyozaliwa. Cheti kitaandika tarehe na jina. Mvua, kikwembe, na mama wa Sake aliyechemsha maji havitaandikwa humo, na hayo ni kazi yetu kuyasema.