Nakala Nyumbani, Maandishi ya Wote

Mzazi wa Gisenyi amwonapo mwanawe ameinamia kompyuta mpaka usiku, hudhani anacheza. Pengine anacheza kweli. Lakini yawezekana anasahihisha maandishi yatakayosomwa Nairobi na Muscat, na kazi hiyo yafaa ieleweke nyumbani.

Programu nyingi zinazotolewa bure huambatana na maelezo ya matumizi yaliyoandikwa na watu wa kujitolea. Sehemu kubwa yako katika Kiingereza. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na hapa mpakani mwa Goma kilikuwa lugha ya soko kabla ya sheria hiyo. Hata hivyo kijana atafutaye maelezo ya kompyuta kwa Kiswahili hupata machache. Watakaoyaongeza ni wale wenye haja nayo.

Chombo kinachotumika sana ni Git, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya kutunza programu ya Linux. Uzuri wake ni kwamba kila mshiriki huweka kwake nakala kamili, pamoja na historia ya mabadiliko yote. Mkazi wa Rubavu, aliyeona nyumba zikipasuka kwa matetemeko baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, hahitaji kuelezwa faida ya hati yenye nakala mahali pengine.

Kazi yenyewe huanza katika tovuti kama GitHub, ambako mshiriki hujitengenezea nakala chini ya jina lake, kwani hana ruhusa ya kuandika katika ghala la asili. Kisha huiteremsha katika kompyuta yake kwa amri ya git clone. Hufungua tawi jipya, hurekebisha maandishi, na kwa git diff hukagua kila mstari aliougusa kabla ya kuhifadhi kwa git commit. Kuanzia hapo intaneti haihitajiki mpaka wakati wa kupeleka kwa git push. Basi hata familia yenye kifurushi kidogo yaweza kufanya kazi wiki nzima. Ghala likiwa kubwa mno, nyongeza ya --depth 1 huteremsha hali ya mwisho tu, bila historia ndefu.

Kuna jambo ambalo familia za askari na polisi hazina budi kulizingatia. Kila badiliko hubeba jina, anwani ya barua pepe na saa ya mwandishi, na huonekana na dunia nzima. Kulifuta faili hakufuti historia: neno la siri, picha ya kambi au namba ya kazi ya baba iliyohifadhiwa kwa bahati mbaya hubaki katika nakala za nyuma. Kwa hiyo kijana aweke kazi hii katika folda yake peke yake, mbali na karatasi za wazazi, na atumie anwani isiyofichua makazi.

Mwisho hupelekwa ombi kwa watunzaji wa ghala, likieleza kwa sentensi mbili au tatu kilichobadilishwa na sababu yake. Watunzaji huweza kulikubali, kulikataa au kutaka marekebisho. Wakitaka marekebisho, hakuna haja ya ombi jipya. Hurekebishwa katika tawi lile lile, hupelekwa tena, na ombi la kwanza hujisasisha lenyewe.