Kisu cha Kukunja Mpakani: Kifaa cha Kazi au Silaha?

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na polisi mlio zamu katika mpaka wa Kenya na Uganda, mazungumzo yetu ya leo yanahusu chombo kidogo kinachoenea katika kiganja cha mkono, yaani kisu cha kukunja. Yamkini wapo watakaouliza kama jambo hili linastahili kupewa nafasi baada ya taarifa ya habari. Linastahili. Kisu kile kile, mfukoni mwa mtu yule yule, chaweza kuwa kifaa cha kazi saa nne za asubuhi na kuwa kidhibiti cha jinai saa nne za usiku. Na mtu wa kwanza anayeamua jambo hilo si hakimu. Ni askari aliyesimama njiani akiwa na tochi na daftari.

Anayetaka kuona ugumu wa uamuzi huo na aende Busia. Jina ni moja, mji ni kama mmoja, lakini nchi ni mbili. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa rasmi na marais wa nchi hizo mbili mwezi Februari 2018, msafiri hasimami tena pande zote mbili kama zamani, na umati unapita kwa haraka zaidi. Hapa na kule Malaba, karibu na Tororo, ndipo lilipozaliwa jina la bodaboda katika miaka ya 1960, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha abiria na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili. Leo baiskeli nyingi zimegeuka pikipiki, lakini mfukoni mwa mwendeshaji kisu bado kipo: hukatia mipira ya kufungia mizigo na kuambulia nyaya. Mama muuza mananasi anacho. Utingo wa lori lililopanga foleni Malaba anacho, maana turubai hufungwa kwa kamba. Mvuvi atokaye Majanji au Port Victoria haendi ziwani bila kisu.

Wala visu si vitu vigeni katika nchi hii. Vilima vya Samia vilikuwa na mawe ya chuma, na wahunzi wa Kisamia walijulikana kwa majirani zao, kwa majembe na vyuma vingine vya makali, zamani kabla reli haijafika Tororo. Basi askari atakayemkamata kila mwenye kisu katika soko la Busia atajaza mahabusu kabla ya adhuhuri, na wengi wa mahabusu hao watakuwa watu waliokuwa wakitafuta riziki. Lakini askari asiyemwuliza mtu yeyote, naye siku moja ataitwa kuokota maiti kando ya barabara. Kazi yenyewe iko kati ya askari hao wawili.

Tuanze na sheria, kwa sababu hapo ndipo uvumi ulipo mwingi. Aghalabu husikika watu wakisema kwamba kisu cha inchi tatu kinaruhusiwa, na kilichozidi hapo ni kosa. Kipimo hicho ni cha Uingereza. Sheria ya huko ya mwaka 1988 humruhusu mtu kubeba kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi tatu, na mahakama za huko zikaamua baadaye kwamba kisu chenye kifungio, ambacho hakikunjiki mpaka kifungio kiachiliwe, hakimo katika ruhusa hiyo. Ni sheria yao, kwa nchi yao. Kanuni za Adhabu za Kenya na Uganda hazitaji inchi hata moja. Askari anayetoa rula njiani na kutamka kwamba kisu kimezidi kipimo, ajue kwamba anatekeleza sheria ya nchi nyingine.

Kanuni zetu hizi mbili ni kama ndugu. Chimbuko lao ni sheria za kikoloni za mwaka 1930, na ingawa kila nchi imerekebisha yake mara nyingi tangu hapo, maneno bado yanafanana. Kenya inaeleza kwamba silaha ya hatari ni kitu chochote kilichotengenezwa ili kujeruhi mtu, au kilichogeuzwa ili kujeruhi, au ambacho aliye nacho amekusudia kukitumia kwa kujeruhi. Hiyo ni milango mitatu. Kisu cha springi kinachofyatuka kwa kubonyezwa, chenye ncha kali na makali pande zote mbili, huweza kuingia kwa mlango wa kwanza. Kisu cha kawaida ambacho mwenyewe amekisaga mgongo kikawa na makali mawili, huweza kuingia kwa mlango wa pili. Lakini kisu cha kumenyea machungwa hakina mlango wa kuingilia ila ule wa tatu, wa nia. Na nia haionekani kwa tochi. Hutambuliwa kwa mazingira.

Hapo ndipo pana uzito. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema kwamba mtu akikutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba alikusudia kutenda jinai kubwa, adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 7 wala kuzidi miaka 15. Fikirini, ndugu askari, maana ya miaka saba kwa kijana mwenye mke na mtoto mchanga. Kadhalika, Kenya na Uganda zote zina kosa la kutembea hadharani na silaha, pasipo sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Na silaha yenyewe huweza kutaifishwa. Upande wa unyang'anyi, sheria ya Uganda inahesabu kuwa silaha ya kuua chombo chochote kilichotengenezwa au kugeuzwa kwa kupiga risasi, kuchoma au kukata. Kwa hiyo kisu cha vitunguu kikichomolewa wakati wa unyang'anyi kinatosha kabisa, na sheria ya nchi zote mbili imeweka adhabu ya kifo kwa unyang'anyi wa silaha. Mtu asidhani kwamba udogo wa kisu utamwokoa.

Basi askari aandike nini? Aandike mazingira, na ayaandike pale pale. Saa ngapi, mahali gani, palikuwa na mwanga au giza. Kisu kilikuwa kimekunjwa mfukoni, au kimekunjuliwa mkononi, au kimefichwa ndani ya soksi. Mtu yule alikuwa akifanya nini, na alikuwa na vitu gani vingine: kisu pamoja na kamba na mipira ya mizigo ni habari moja, kisu pamoja na barakoa na bisibisi chini ya dirisha la duka saa nane za usiku ni habari nyingine. Alijibu nini alipoulizwa mara ya kwanza, kwa maneno yake mwenyewe. Taarifa yenye mstari mmoja tu, kwamba fulani alikutwa na kisu, huenda ikamfunga asiye na hatia au ikamwachilia mwenye hatia, na mara nyingi hufanya hili la pili.

Kabla ya kutia mkono katika mfuko wa mtu, mwulize kwa heshima: "Mzee, una kitu chochote chenye makali au ncha?" Swali hilo limewaokoa askari wengi vidole vyao. Kisu kikionekana kuwa na damu, kisifunguliwe wala kufutwa. Kifungwe katika karatasi, kiwekwe alama, kiandikwe. Na jambo moja ambalo halipendezi kulisema, lakini lazima lisemwe: kisu kilichochukuliwa kwa mwananchi bila kuandikwa, kisha kikaonekana mfukoni mwa askari wiki inayofuata, si kidhibiti. Ni mali ya wizi.

Sasa tumgeukie askari mwenyewe, ambaye naye ni mwenye kisu. Kisu cha kukunja kina historia ndefu katika majeshi. Uswisi, mwaka 1891, Karl Elsener alianza kulipatia jeshi la nchi yake kisu chenye bapa, kifungua kopo, bisibisi na msumari wa kutobolea. Kilichotakiwa hakikuwa kisu cha kupigania. Askari alihitaji kufungua makopo ya chakula na kufungua skrubu za bunduki mpya ya wakati ule. Waingereza nao waliwapa wanajeshi na mabaharia wao kisu kizito chenye bapa lisilo na ncha na msumari wa kulegezea mafundo ya kamba. Majeshi, yanayojua vita kuliko raia, yalichagua visu visivyofaa sana kwa kuchoma mtu. Anayedhani kwamba kisu cha askari sharti kiwe cha kutisha hajakifikiria vizuri.

Hapa Afrika linajulikana zaidi jina la Okapi. Visu hivyo vilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa katika makoloni ya Kijerumani ya Afrika, vikapewa jina la mnyama wa msitu wa Ituri. Tangu mwaka 1988 hutengenezwa Afrika Kusini. Ni kisu cha mkulima, chepesi na cha bei nafuu, lakini huko Afrika Kusini na hata Jamaika kilipata sifa mbaya kwa sababu wahuni walikipenda. Kisu hakikubadilika, waliobadilika ni wenye kukishika.

Ukienda kununua, usianze kwa kutazama mpini unaong'aa. Kikunjue kisu, shika mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa mkono mwingine, kwa upande wa mgongo, kisha ulitikise kulia na kushoto. Likicheza dukani, litacheza zaidi baada ya mwezi. Likunje polepole utazame kama makali yanaingia katikati ya mpini bila kugusa ubavu. Ikiwa kisu kina kifungio, usikijaribu kwa kiganja. Kandamiza mgongo wa bapa juu ya kipande cha mbao, vidole vikiwa mbali. Kifungio kikiachia, rudisha kisu kwa mwenye duka. Bapa la sentimita saba hivi latosha kwa kamba, kopo na tunda. Kuhusu chuma, yapo makundi mawili: chuma cha kaboni hunoleka kwa urahisi na kushika makali, lakini hupata kutu upesi; chuma kisichoshika kutu huvumilia unyevu, ila mara nyingi hudai subira zaidi kwenye kinoo. Kwa askari anayelala karibu na ziwa, mimi ningechagua hicho cha pili. Wapo wazee wa kazi watakaonibishia, nao wana haki yao.

Maadui wa kisu katika sehemu hizi ni watatu: unyevu, asidi ya matunda, na vumbi. Maji ya ndimu, embe au nanasi yakiachwa juu ya chuma cha kaboni huacha doa jeusi, na baadaye kutu. Kioshe, kikaushe kabisa, kisha kipake mafuta kidogo. Mafuta ya cherehani yanafaa kwa egemeo la bapa. Mafuta ya kupikia huganda na kushika uchafu. Na mafuta machafu ya injini yasiguse kisu kinachokata chakula. Vumbi la barabara, au la saruji kwa walio karibu na kiwanda cha Tororo, huingia katika egemeo likalisaga kama msasa. Kila mwisho wa wiki kisafishe kwa mswaki wa zamani na maji ya vuguvugu yenye sabuni, kikunjue na kukikunja mara kadhaa, kausha, kisha tia tone moja la mafuta.

Kunoa si kusugua kwa nguvu. Lowesha kinoo, laza bapa, kisha inua mgongo wake kidogo, kiasi cha digrii ishirini, na usilibadilishe pembe hilo mpaka umalize. Sukuma makali mbele kana kwamba unataka kukata ukurasa mwembamba kutoka juu ya jiwe. Fanya mara kumi upande huu, mara kumi upande ule. Ukihisi kijiukingo chembamba upande wa pili, upande huo umefika, geuza. Mwisho vuta kisu kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi. Ukimpelekea mnoaji wa mtaani mwenye gurudumu la baiskeli, mwombe achovye bapa majini kila mara, kwani bapa likigeuka rangi ya bluu kwa joto limekwisha kupoteza ugumu wake, na hakuna kinoo kitakachourudisha. Kwa sababu hiyo hiyo kisu kisichokorogee makaa. Na tukumbuke kwamba kisu butu ndicho hukata mikono, maana hudai nguvu, na nguvu huteleza.

Askari wa likizo, aliyevaa kiraia, anapovuka Busia au Malaba, ajue kwamba kitambulisho chake si kibali cha kisu upande wa pili. Akikunje, akiweke ndani ya mkoba pamoja na vifaa vingine, asikining'inize kiunoni, na akiulizwa ajibu mara moja kwamba anacho na kazi yake ni ipi. Asiingie nacho mahakamani wala katika baa. Na anayesafiri kwa ndege kutoka Entebbe kwenda kazini ng'ambo akiweke katika mzigo unaopimwa na kupakiwa chini. Akikisahau mfukoni, kitabaki mezani kwa mkaguzi, hata kama amekitunza miaka kumi.