Kutolewa uboho kwa mgonjwa wa limfoma: kweli au si kweli?

Mgonjwa wa limfoma, yaani saratani ya tezi za limfu, akishaambiwa atatolewa uboho (ute ulio ndani ya mfupa) ili upimwe, kila jirani huwa na lake la kusema. Tuyapime yanayosemwa.

"Sindano inachomwa kwenye uti wa mgongo, mtu anaweza kupooza."
Si kweli. Mgonjwa hulala ubavu, magoti kayakunja, daktari akapapasa mfupa wa nyonga upande wa nyuma, juu kidogo ya kalio. Hapo uti wa mgongo haupo. Watu hukichanganya kipimo hiki na kile cha maji ya uti wa mgongo, kwa kuwa wenye limfoma ya Burkitt hufanyiwa vyote viwili.

"Hakiumi, kuna ganzi."
Nusu kweli. Ganzi hutuliza ngozi na utando wa juu wa mfupa, ndani haifiki. Uboho unapovutwa kwa bomba la sindano, maumivu makali hushuka hadi pajani kwa sekunde chache. Kisha sindano nene huzungushwa ili itoke na kijipande cha mfupa, ambacho kinatakiwa kifike walau sentimita 2. Maabara hukilainisha kwanza kwa kukiondolea kalsiamu, ndiyo maana majibu huchukua siku kadhaa.

"Uboho ukiwa safi, saratani hakuna."
Si kweli. Limfoma kwa kawaida hugunduliwa kwa kukata kinyama cha tezi iliyovimba. Uboho hupimwa ili ijulikane imeenea hadi wapi. Tena, ndani ya uboho ugonjwa huweza kukaa mabaka mabaka, sindano ikapita pasipo na kitu.

"Ikionekana kwenye uboho, ni hatua ya 4."
Kweli, kwa mpangilio wa hatua za limfoma wa Ann Arbor, Marekani, wa mwaka 1971. Kwa watoto wenye Burkitt, uvimbe ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala, upo mpaka mwingine: seli za saratani zikifika asilimia 25 ya uboho, ugonjwa huitwa lukemia, yaani saratani ya damu.

"Hatua ya 4 ni kusubiri kifo."
Si kweli. Limfoma za Hodgkin na Burkitt huweza kupona hata zikiwa hatua hiyo. Kujua hatua humsaidia daktari kupanga ukali wa tiba.

"Kila mwenye limfoma lazima atolewe uboho."
Si kweli. Mapendekezo ya kimataifa ya Lugano ya mwaka 2014 yanasema mgonjwa wa Hodgkin aliyepigwa PET-CT, picha ya mwili inayoonyesha saratani ilipo, hahitaji sindano hiyo. Kwa limfoma nyingi zinazokua polepole, bado inahitajika. Na kwa kuwa mashine za PET-CT ni chache Afrika Mashariki, wengi wataendelea kuchomwa. Basi kabla ya kulala kitandani, muulize daktari: majibu ya uboho yatabadilisha nini katika matibabu yangu?