HEWA YA UHAI ISIWAPUNGUKIE MAMA ZETU

Kila Jumamosi gulio la Lyulilo hujaa vyungu vya Wakisi. Akina mama wa Ikombe huvifinyanga, kisha husafirishwa ziwani kwa mitumbwi. Mnunuzi mwangalifu hukigonga chungu asikie mlio wake, kwani ufa mdogo hauonekani kwa macho. Nasi twauliza: mama aliyekifinyanga, naye amepimwa na nani?

Mjamzito huvuta hewa kwa ajili ya watu wawili. Oksijeni hubebwa na chembe nyekundu za damu. Malaria, adui mkongwe wa tambarare ya Kyela, huziangamiza chembe hizo, na vijidudu vyake hujificha katika kondo la nyuma. Hapo mtoto hupungukiwa hewa na chakula, akazaliwa na uzito mdogo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015–16 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 45 walikuwa na upungufu wa damu.

Iko hatari nyingine isiyo na homa. Mishipa ya mji wa mimba isipotanuka ipasavyo, kondo hukosa oksijeni, nalo humwaga katika damu ya mama vitu vinavyodhuru mishipa yake. Shinikizo la damu hupanda, na kifafa cha mimba chaweza kufuata. Huenda mama akajiona mzima mpaka siku ya kuanguka.

Hii si ramli. Mwaka 2019 wataalamu Kaelin, Ratcliffe na Semenza walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kubainisha jinsi chembe za mwili zinavyotambua upungufu wa oksijeni.

Ndugu zetu wa mwambao na wa visiwani, kinga tunayo. Mjamzito awahi kliniki, alale ndani ya chandarua, ameze vidonge vya madini ya chuma, na dawa ya SP kama mganga atakavyoelekeza. Mume asimwachie mkewe safari hiyo peke yake.

Viongozi nao wana wajibu. Kila zahanati ya ufukweni haina budi kuwa na kipimo cha damu, kipimo cha shinikizo, na chombo cha kuvusha mgonjwa usiku. Kumhimiza mama aende kliniki isiyo na kipimo ni kumdhihaki.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta hujengeka upya; mama akishazikwa harudi.