Ruzuku ya nishati imeisahau baridi ya Njombe

KUANZIA Juni hadi Agosti, familia nyingi za Njombe na Makambako hugharamia nishati mara mbili. Kwanza ni ya kupikia, ambayo kila Mtanzania anaijua. Pili ni ya kupasha nyumba joto, ambayo mkazi wa Dar es Salaam au Tanga hawezi hata kuifikiria.

Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10, na nyumba nyingi za matofali hazina dari wala madirisha yanayofunga sawasawa. Katika kata kama Ramadhani, jiko la mkaa lililopikia ugali wa jioni ndilo linaloingizwa chumbani baada ya chakula.

Hapo ndipo penye hatari. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, lakini hutoa gesi ya kaboni monoksaidi ambayo haina rangi wala harufu. Aliyelala haamshwi nayo. Anayebahatika kuamka huhisi kichwa kinauma, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Wengine hawaamki.

Swali la kiuchumi ni hili: Serikali imeanza kutoa ruzuku ili wananchi waachane na mkaa na kuni, je, ruzuku hiyo inamfikia mtu mwenye baridi?

Mpango umelenga chungu, si chumba

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034. Lengo lake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Kwa mujibu wa Serikali, zaidi ya watu 33,000 hufariki kila mwaka nchini kutokana na madhara ya moshi na hewa chafu ya majumbani.

Kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), mitungi ya gesi ya kilo sita imeuzwa kwa nusu bei katika wilaya mbalimbali, mnunuzi akitakiwa kuonyesha kitambulisho cha taifa. Majiko banifu nayo yameuzwa kwa bei ya ruzuku.

Ni hatua nzuri. Hata hivyo, jina la mkakati linajieleza: ni nishati ya kupikia. Mama wa Njombe aliyepata mtungi anaweza kupika chai na maharage kwa gesi, lakini gesi ikizimwa chumba kinabaki baridi. Kwa hiyo gunia la mkaa linaendelea kununuliwa. Ruzuku imebadilisha nusu ya kazi ya jiko, nusu nyingine imebaki.

Hita ya umeme na mtego wa uniti 75

Wanaoukimbia mkaa hukimbilia hita ya umeme. Umeme upo. Njia kubwa ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea ilikamilika mwaka 2018, na Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha mwaka 2024. Tatizo ni bei, na hapa tunahitaji kupiga hesabu.

Kwa viwango vilivyopangwa na EWURA mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani wa kundi la D1 hulipa Sh100 kwa uniti, mwisho uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo ni Sh350 kila moja. Mteja wa kundi la T1 hulipa Sh292 kwa uniti tangu ya kwanza. Kodi na tozo huongezwa juu ya bei hizo, na msomaji anaweza kuziona kwenye risiti yake ya LUKU.

Tuchukue familia inayotumia uniti 50 kwa mwezi kwa taa, redio, televisheni na pasi. Inalipa Sh5,000 kabla ya kodi.

Sasa iwashe hita ya wati 1,000 kwa saa nne kila usiku. Hizo ni uniti nne kwa siku, au 120 kwa mwezi. Jumla inakuwa uniti 170. Uniti 75 za kwanza ni Sh7,500, na 95 zinazobaki ni Sh33,250. Bili imefika Sh40,750, yaani mara nane ya ile ya kawaida.

Balaa haliishii hapo. D1 ni kundi la wanaotumia umeme kidogo. Anayezidisha matumizi miezi mfululizo anaweza kuhamishiwa T1. Akiwa huko, hata baridi ikiisha na akirudi kwenye uniti zake 50, atalipa Sh14,600 badala ya Sh5,000. Baridi ya miezi mitatu imemnyang'anya ruzuku ya mwaka mzima.

Wenzetu wamefanyaje?

Nchi za baridi zilikutana na tatizo hili zamani. Hita ya kawaida hugeuza uniti moja ya umeme kuwa uniti moja ya joto, basi. Haiwezi kutoa zaidi.

Kifaa kinachoshinda hapo ni pampu ya joto. Ufanyaji kazi wake ni kama wa jokofu. Weka mkono nyuma ya jokofu na utahisi joto: ni joto lililotolewa ndani na kutupwa nje. Pampu ya joto hufanya kinyume chake. Hukusanya joto lililomo katika hewa ya nje, hata hewa ya nyuzi tano, na kulisukuma ndani. Kwa uniti moja ya umeme, nyumba hupata karibu uniti tatu za joto. Viyoyozi vingi vyenye uwezo wa kupoza na kupasha joto ni pampu za namna hii.

Familia yetu ya mfano ingehitaji uniti 40 badala ya 120. Bili ya mwezi ingekuwa Sh12,750 badala ya Sh40,750. Kikwazo ni bei ya kununulia, ambayo mkulima mdogo wa viazi hawezi kuitoa mfukoni kwa mara moja.

Marekani ilijaribu kukiondoa kikwazo hicho kwa sheria ya mwaka 2022. Familia yenye kipato chini ya asilimia 80 ya kipato cha kati cha eneo lake iliweza kupunguziwa hadi dola 8,000 za gharama ya pampu ya joto, fedha zikipitia majimbo. La kujifunza ni namna ya kulipa: punguzo lilikatwa wakati wa kununua. Upande mwingine kulikuwa na nafuu ya kodi ya mapato, ambayo ilifutwa mwishoni mwa mwaka 2025. Nafuu ya kodi humsaidia mwenye kodi kubwa ya kulipa. Maskini asiyelipa kodi hiyo hapati kitu, na hawezi kutoa fedha zote leo akisubiri kurudishiwa mwakani.

Kwa upande huo, mitungi ya REA ilipangwa vizuri: mwananchi analipa bei iliyokwisha kupunguzwa.

Nani anaweza kufaidika leo?

Pampu ya joto kwa ajili ya chumba cha kulala cha Ramadhani bado ni ndoto. Lakini yapo maeneo ambayo hesabu inakaribia kukubali.

La kwanza ni nyumba za kulala wageni. Makambako ni njia panda ya barabara kuu ya Zambia, barabara ya Songea na reli ya TAZARA. Msafiri anayelala hapo anataka maji ya moto. Kupasha lita 20 kutoka nyuzi 15 hadi 45 kunahitaji takriban uniti 0.7. Wageni 10 kila siku ni uniti saba, au 210 kwa mwezi. Kwa bei ya T1 hiyo ni Sh61,320.

Kwa pampu ya joto ya maji, uniti zinashuka hadi 70 na gharama hadi Sh20,440. Mfanyabiashara anaokoa Sh40,880 kila mwezi. Tuseme kifaa kinagharimu Sh2,000,000 pamoja na kufungwa: kitarudisha fedha yake baada ya miezi 49. Kukiwa na ruzuku ya nusu, ni miezi 25. Alinganishe pia na kipasha maji cha jua kabla ya kuamua.

La pili ni wafugaji wa kuku. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35. Taa moja ya joto ya wati 250 ikiwaka saa 24 kwa siku 21 hula uniti 126, ambazo kwa T1 ni Sh36,792. Hapa dawa ya haraka ni kuzuia joto lisitoroke: sanduku la mbao lenye kuta mbili zilizojazwa maranda, matundu machache ya hewa juu, na taa ndogo zaidi.

Kanuni hiyo hiyo inafaa kwa binadamu. Ni nafuu kupasha kitanda kuliko kupasha chumba. Blanketi la umeme la wati 100 kwa saa nane ni uniti 0.8 kwa usiku, au 24 kwa mwezi. Ukijumlisha na uniti 50 za kawaida unapata 74, na bado uko D1. Gharama iliyoongezeka ni Sh2,400. Si kifaa kilichozoeleka kwetu, na kinahitaji nyaya za nyumba ziwe salama, lakini ndicho kinachostahili kufikiriwa katika ruzuku ijayo.

Kipi kifanyike

Kwanza, uniti za D1 zihesabiwe kwa mwaka. Uniti 75 kwa miezi 12 ni 900. Familia inayotumia 50 kwa miezi tisa itakuwa imetumia 450, na itabakiwa na 150 kwa kila mwezi wa baridi. Gharama yake kwa mfumo, ukilinganisha na bei ya T1, haizidi Sh43,200 kwa kaya kwa mwaka. Si fedha ndogo, lakini inagusa mikoa michache ya baridi na kwa miezi mitatu tu.

Pili, ruzuku katika wilaya za baridi iruhusiwe kununua dari na vifaa vya kuziba mianya. Joto linalopotea juu ya bati halina ruzuku inayoweza kulifidia.

Tatu, mkulima wa miwati asisahaulike. Mkaa mwingi wa Njombe unatokana na miti iliyopandwa, nayo ni akiba ya familia nyingi. Wanunuzi wa mkaa wakipungua, soko la nguzo, mbao na magome ya kutengenezea dawa ya ngozi liimarishwe kwanza.

Wakati tukisubiri hayo, ushauri mmoja haugharimu hata senti. Ota moto nje ya nyumba, na usiingize jiko la mkaa ndani hata kama dirisha liko wazi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa inatosha kupasha shuka hadi usingizi ukuchukue.