ZIMWI LILILOKOSA KAZI

Paukwa! Pakawa!

Ndugu msomaji, usikunje uso ukidhani nimekuletea hadithi ya watoto. Nataka kueleza jinsi waandishi wengine wanavyozichukua ngano za kale na kuzigeuza mzaha, na jinsi mzaha huo ulivyonishinda mimi mwenyewe.

Kila ngano ina mifupa yake. Kuna maneno ya kuanzia, kuna shujaa anayefunga safari, kuna zimwi, na mwishowe zimwi hushindwa nasi tukapewa funzo. Waandishi wa mkondo uitwao usasaleo huiacha mifupa hiyo lakini huivisha nyama nyingine. Shujaa hana uhakika wa njia, zimwi si lile tulilolitazamia, na funzo msomaji ajitafutie.

Kule Marekani, Donald Barthelme alitoa riwaya yake Snow White mwaka wa 1967. Wale mbilikimo saba wa hadithi ya Wajerumani wamekuwa wanaume wa mjini, wanaosha majumba na kutengeneza chakula cha watoto! Kwa jirani zetu Tanzania, Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona mwaka wa 1990 na Mzingile mwaka wa 1991. Humo yumo msafiri kama wa ngano, lakini safari yenyewe ni kama ndoto.

Hapa Kenya tunaye Kyallo Wadi Wamitila na riwaya yake Bina-Adamu! ya mwaka wa 2002. Msimulizi anazunguka dunia akimsaka mmoja aitwaye P.P., ambaye madhara yake yanaonekana kila mahali. Kumbe P.P. ni Peter Pan, yule mvulana asiyekua katika tamthilia ya J. M. Barrie iliyoonyeshwa London mwaka wa 1904. Hebu fikiri! Zimwi linaloisumbua dunia ni mtoto aliyekataa kukua. Ukicheka, kicheko hicho kina uchungu, maana unawakumbuka wakubwa wanaoichezea dunia kama mpira wa matambara.

Basi nami nikasema, kwani mimi nina nini? Sisi Wakipsigis tuna Chemosit, nusu mtu nusu ndege, mwenye mguu mmoja. Usiku mdomo wake hung'aa kama taa naye huimba, watoto wakidhani kuna ngoma wakaenda, wakaliwa. Nikaandika kwamba Chemosit wa leo aliimba hadi sauti ikakauka, lakini hakuna mtoto aliyetoka. Wote walikuwa wameinamia simu, nazo ziling'aa kuliko mdomo wake. Kwa njaa akaenda kutafuta kibarua cha kuchuma majanichai katika shamba kubwa. Akaambiwa, "Rudi nyumbani mzee, siku hizi ni mashine."

Niliisoma chamani nikingoja vicheko. Wakacheka watu wanne tu! Rafiki yangu akaniuliza, "Sasa huyo Chemosit ni nani?"

Jioni nilishuka kwenda nyumbani katikati ya michai nikiwa nimenuna. Nikamweleza kogo, yaani nyanya yangu. Nilidhani ataudhika kwa kuchezewa hadithi zake, lakini alicheka mpaka akajifuta machozi. Halafu akanyamaza, akasema, "Mjukuu wangu, umewapa mkia wa ng'ombe ambaye hawajamwona kichwa."

Hapo ndipo nilipoelewa somo lote. Mzaha wa ngano hauui ngano, unaitegemea. Barthelme aliweza kucheza kwa sababu wasomaji wake walikuwa wanamjua Snow White tangu utotoni. Wetu Chemosit tukimsahau, hatutaweza hata kumcheka.

Kogo sasa ni mzee na macho yake yamefifia. Kila Jumamosi nakaa naye jikoni nikiandika hadithi zake katika daftari. Nimefikisha kumi na moja, na anasema bado hajaanza.

Wenzangu, likizo inakuja. Muulize nyanya yako hadithi moja tu kabla ya kuwasha simu. Kisha uilete chamani, ndipo tuichezee pamoja. Mwacha mila ni mtumwa.