Chembe Nyeupe Zikizidi

Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Mtu mzima huwa nazo kama 4,000 hadi 11,000 katika milimita moja ya ujazo. Zikizidi, hiyo ni dalili, siyo jina la ugonjwa. Huongezwa na vijidudu, majeraha, minyoo, ujauzito, na mara chache saratani ya damu. Huku Tabora, kwenye njia ya zamani ya misafara, tusisahau papasi wa nyumba za udongo. Homa yao nayo huweza kuziongeza; hupoa kisha hurudi, na huharibu mimba. Hesabu peke yake haitoshi: damu ichunguzwe kwa darubini homa ikiwa imepanda. Mama mjamzito asinunue dawa kwa kubahatisha, awahi hospitali.